Je, nina haki ya kufanya kazi kwa Kifaransa katika ofisi ya serikali mjini Ottawa?

Swali: Salamu, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukavu. Nilisoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, na huu ni mwaka wangu wa pili katika idara moja ya serikali ya shirikisho mjini Ottawa. Timu yetu ina watu kumi na wawili, na watano kati yetu ni wasemaji wa Kifaransa, lakini mikutano yote inaendeshwa kwa Kiingereza na kila ripoti ninaiandika kwa Kiingereza. Katika tathmini ya mwaka huu msimamizi wangu ameandika kwamba uandishi wangu hauna ufasaha wa kutosha. Je, nina haki ya kufanya kazi kwa Kifaransa, na nikiidai nitaonekana msumbufu? Tena, rafiki yangu Mkenya ninayefanya naye kazi analalamika kwamba Kifaransa ndicho kinachomzuia kupanda cheo. Sielewi ni nani kati yetu anayeonewa.

Jibu: Dada yangu, haki unayo, na imeandikwa katika sheria ya nchi. Ninajua hata hivyo kwamba jibu hilo fupi halitakufaa sana Jumatatu asubuhi, utakapoingia kwenye chumba cha mkutano na kukuta kila mtu anazungumza Kiingereza, wakiwemo wenzako wanne ambao Kifaransa ndiyo lugha yao ya nyumbani. Nimefanya kazi ya ushauri wa lugha rasmi kwa miaka mingi, na nimeona kwamba watumishi wengi hawapotezi haki hii kwa kunyimwa. Huipoteza kwa kutoitumia katika miezi ya mwanzo, mpaka siku wanapotaka kuitumia wanajiona kama watu wanaovunja desturi ya ofisi.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu ukiifahamu vizuri utaweza kuzungumza bila kupandisha sauti. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982 kinazipa Kiingereza na Kifaransa hadhi sawa na haki sawa za kutumika katika taasisi zote za Bunge na za serikali ya Kanada. Tamko hilo linageuzwa kuwa jambo la ofisini na Sehemu ya Tano ya Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1988, iliyochukua nafasi ya sheria ya kwanza ya mwaka 1969. Sehemu hiyo inazitaka taasisi za shirikisho, katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya lugha mbili, zihakikishe kwamba mazingira ya kazi yanamwezesha mtumishi kutumia lugha yoyote kati ya hizo mbili. Maeneo hayo ni Ottawa na Gatineau pamoja na viunga vyake, jimbo zima la New Brunswick, eneo la Montreal, baadhi ya sehemu za mashariki na kaskazini mwa Ontario, na sehemu kadhaa za Quebec, Gaspé ikiwa mojawapo. Ungekuwa Calgary au Winnipeg jibu langu lingekuwa jingine, kwa sababu huko lugha ya kazi kwa kawaida ni Kiingereza, kama ilivyo Kifaransa katika jiji la Quebec.

Kwa mtumishi wa Ottawa, hii maana yake ni kwamba msimamizi wako anapaswa kuwasiliana nawe kwa lugha uliyoichagua anapokugawia kazi, anapokuelekeza na anapokutathmini. Maswali yako ya mshahara, likizo na mafunzo yanapaswa kujibiwa kwa lugha hiyo, na nyenzo za kazi zinazotumiwa mara kwa mara na watu wengi, zikiwemo programu za kompyuta na miongozo, zinapaswa kupatikana kwa lugha zote mbili. Marekebisho ya sheria yaliyopata idhini tarehe 20 Juni 2023 yaliongeza jambo linalokuhusu moja kwa moja: haki ya kusimamiwa kwa lugha yako haitegemei namna nafasi yako ilivyoainishwa. Kabla ya hapo nilisikia mara nyingi mtumishi akiambiwa kwamba kwa kuwa nafasi yake ilihitaji Kiingereza tu, basi na msimamizi wake hakuwa na wajibu wa kumwambia lolote kwa Kifaransa.

Haki hiyo ina mipaka, na ni afadhali uisikie kwangu kuliko kuisikia mbele ya wenzako. Mwananchi anayehudumiwa ndiye anayetangulia: haki yake ya kuhudumiwa kwa lugha yake inapogongana na haki ya mtumishi ya kuchagua lugha ya kazi, sheria inampa mwananchi kipaumbele. Isitoshe, haki hii inamfunga mwajiri, haimfungi jirani yako wa meza. Takribani nafasi 4 kati ya 10 katika utumishi wa umma wa shirikisho ndizo zilizoainishwa kuwa za lugha mbili, na nyingi kati ya zilizobaki zinahitaji Kiingereza peke yake. Mwenzako aliyeajiriwa katika nafasi ya namna hiyo hana kosa akikujibu kwa lugha aliyoajiriwa nayo, na wewe mwenye nafasi ya lugha mbili utatakiwa kumwelewa na mara nyingine kumwandikia kwa lugha yake. Usianze safari yako kwa kugombana naye.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Ofisi za Ottawa zilijengwa kwa Kiingereza muda mrefu kabla ya sheria hizi. Ukalimani wa papo kwa papo ulianza katika Bunge la nchi mwaka 1959 tu, na hundi za serikali ya shirikisho zikaanza kuchapishwa kwa lugha mbili mwaka 1962. Tume ya Kifalme iliyoundwa mwaka 1963 kuchunguza hali ya lugha hizo mbili nchini, chini ya wenyeviti wawili, André Laurendeau na Davidson Dunton, ilikuta wasemaji wa Kifaransa wakiwa wachache katika vyeo vya juu vya serikali, na wale waliokuwemo wakifanya kazi kwa lugha ya wenzao. Azimio la Bunge lililotamka wazi kwamba mtumishi ana haki ya kufanya kazi kwa lugha yake lilikuja mwaka 1973. Tangu hapo sheria zimeongezeka, mitihani imewekwa, mabango yamebadilishwa, lakini mazoea ya chumba cha mkutano hayabadilishwi na bango.

Mazoea hayo yanadumishwa na jambo ambalo kwa sura yake ni jema, nalo ni adabu. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mombasa, na nilipoajiriwa Ottawa sikujua Kifaransa zaidi ya salamu. Kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba kitengo chetu kilikuwa cha wasemaji wa Kiingereza. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akitunza majalada, akiwa amebakiza miezi michache kustaafu, aliniambia kwa upole kwamba kati ya watu tisa niliokuwa nikikaa nao katika mkutano wa kila wiki, saba walikuwa wasemaji wa Kifaransa, na kwamba wote saba walikuwa wakigeuza lugha kwa ajili yangu. Hakuna aliyewalazimisha. Kwetu pwani mgeni akiingia barazani mazungumzo hugeuzwa ili naye apate kusikia, na wenzangu wale walikuwa wakinifanyia hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mgeni wa baraza huondoka jioni, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kwa kudumu. Niliona haya kwa muda mrefu, na haya hiyo ndiyo iliyonipeleka darasani.

Kwa hiyo sikushangaa nilipoyasoma matokeo ya utafiti uliofanywa na Ofisi ya Kamishna wa Lugha Rasmi, anayefuatilia utekelezaji wa Sheria ya Lugha Rasmi, mwaka 2019 na kutangazwa Januari 2021. Ofisi hiyo iliwahoji watumishi wa shirikisho walio katika maeneo ya lugha mbili, na kati ya wasemaji wa Kifaransa waliojibu, asilimia 44 walisema hawajisikii vizuri kutumia Kifaransa kazini. Kati ya wasemaji wa Kiingereza, asilimia 39 walisema hivyo hivyo kuhusu Kifaransa. Tazama vizuri, dada yangu: takwimu zote mbili zinahusu lugha ile ile moja. Wa kwanza wanaogopa kuonekana wasumbufu au kuwapa wenzao kazi ya ziada, na wa pili wanaogopa kuhukumiwa kwa lafudhi na makosa yao. Msemaji wa Kifaransa akisikia mwenzake anajikwaa katika sentensi, humwonea huruma na kuhamia Kiingereza. Yule mwenzake naye huona kwamba Kifaransa chake hakifai, na mara nyingine hajaribu tena. Hapo ndipo swali lako la mwisho linapopata jibu. Wewe na rafiki yako Mkenya mnaumizwa na mazoea yale yale, kila mmoja kwa upande wake.

Kwetu sisi tuliotoka Afrika kuna uzito mwingine juu ya huo. Nimewasikiliza watumishi kutoka Kongo na Burundi waliokuwa wakikwepa Kifaransa mbele ya wasemaji wenzao wa Kifaransa, kwa sababu waliwahi kuulizwa mara tatu warudie neno moja, au kwa sababu msamiati wa ofisi waliouzoea Bujumbura au Kinshasa haukuwa ule wa Gatineau. Wengine waliniambia kwamba waliandika Kiingereza walipoulizwa katika fomu ya ajira lugha yao rasmi ya kwanza, wakidhani kitawafungulia milango. Fomu hiyo haiulizi lugha ya mama. Kiswahili na Mashi, lugha ya kwenu upande wa Bukavu, havimo humo. Inakuuliza ni ipi kati ya lugha mbili rasmi unayojitambulisha nayo zaidi. Ikiwa umesoma, umefikiri na umefanya mitihani kwa Kifaransa tangu utotoni, andika Kifaransa bila wasiwasi wowote. Mtihani wako wa lugha ya pili utakuwa wa Kiingereza, na kiwango utakachopata kitasema ukweli kuhusu unachotarajiwa kufanya.

Neno hilo la kiwango linanirudisha kwenye tathmini yako, ambayo kwa maoni yangu ndilo jambo la haraka kuliko yote uliyoyaeleza. Nafasi ya lugha mbili huwekewa viwango vitatu, kwa mpangilio wa kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila kimoja hupewa herufi A, B au C, ambapo C ni ya juu. Tafuta barua yako ya ajira na uangalie herufi ya katikati. Ikiwa ni B, basi nafasi yako inakutaka uandike Kiingereza cha kazi kinachoeleweka, chenye makosa yanayovumilika, na si nathari ya mtu aliyezaliwa nacho. Msimamizi anayekupunguzia alama kwa kukosa ufasaha wa kiwango cha C katika nafasi inayodai B anakupima kwa kipimo ambacho hakikuwekwa na mwajiri. Zaidi ya hapo, ripoti za ndani ulizoziandika kwa Kiingereza zilikuwa, kwa sehemu kubwa, ripoti ambazo ulikuwa na haki ya kuziandika kwa Kifaransa tangu mwanzo, na msimamizi wako hakuwahi kukuuliza ungependa lugha gani. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa nia mbaya. Ninasema kwamba maoni yake kuhusu uandishi wako yameandikwa bila kuiona lugha unayoandika vizuri.

Mwandikie basi barua pepe fupi, kwa Kifaransa, yenye mambo matatu tu: kwamba lugha uliyoichagua ya kusimamiwa na kutathminiwa ni Kifaransa; kwamba unaomba mazungumzo ya tathmini yarudiwe kwa lugha hiyo; na kwamba kuanzia sasa rasimu za nyaraka zako za ndani utaziandika kwa Kifaransa. Usiombe radhi ndani ya barua hiyo na usimlaumu mtu. Akikuuliza nani atatafsiri, mjibu kwa utulivu kwamba tafsiri ni jukumu la idara. Serikali ya shirikisho ina Ofisi ya Tafsiri tangu mwaka 1934, na idara hupanga fedha kwa kazi hiyo. Nimeona wasemaji wengi wa Kifaransa wakiandika kila kitu mara mbili, usiku nyumbani, ili wasiwe mzigo kwa mtu, na sijaona hata mmoja aliyeshukuriwa kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika.

Kuhusu mikutano, zungumza kwanza na wale wenzako wanne, mmoja mmoja, nje ya chumba cha mkutano. Huenda kila mmoja wao anadhani wengine wamekwisha kuridhika na Kiingereza. Kisha mwombeni mwenyekiti wa mkutano aifungue kwa lugha zote mbili, atume ajenda kwa lugha zote mbili, na aseme wazi kwamba kila mtu atumie lugha anayoitaka. Huu ni wajibu wake, wala si hisani. Zamu yako ikifika, toa taarifa yako kwa Kifaransa hadi mwisho. Usiseme sentensi kwa Kifaransa kisha ukairudia yote kwa Kiingereza, kwa maana ukifanya hivyo wenzako watajifunza kusubiri sehemu ya pili na kuacha kuisikiliza ya kwanza. Slaidi za Kiingereza nyuma ya maelezo ya Kifaransa, au kinyume chake, zinatosha kumwongoza asiyeelewa vizuri, na mwenyekiti anaweza kutoa muhtasari mfupi. Wiki mbili za kwanza zitakuwa nzito. Mtakapokuwa wawili au watatu mnaojibizana kwa Kifaransa, hali itaanza kuwa ya kawaida, nawe utashangaa kuwasikia baadhi ya wasemaji wa Kiingereza wakijaribu sentensi zao.

Umeuliza kama utaonekana msumbufu. Nisikudanganye: kuna wasimamizi watakaokuona hivyo, hasa wale wanaojua kwamba Kifaransa chao wenyewe kimelala tangu walipofaulu mtihani. Ndiyo maana ninasisitiza uanze na msimamizi, kisha mtu anayeshughulikia lugha rasmi katika idara yako, kisha chama chako cha wafanyakazi, na uhifadhi kila barua. Njia hizo zikishindikana, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Lugha Rasmi. Uchunguzi wake ni wa siri, na ikiwa anaamini kwamba mlalamikaji ametishwa au kubaguliwa kwa sababu ya malalamiko yake, sheria inamruhusu kuripoti jambo hilo juu. Marekebisho ya mwaka 2023 yamempa pia uwezo wa kutoa amri katika masuala ya lugha ya kazi, pale ambapo zamani aliishia kwenye mapendekezo. Baada ya kupokea matokeo ya uchunguzi, mlalamikaji ana siku 60 za kwenda katika Mahakama ya Shirikisho.

Njia hiyo ya mahakama ni ndefu, na sipendi uichukulie kama hatua ya kwanza. Lipo shauri moja linalostahili kujulikana na kila mtumishi. Msemaji mmoja wa Kifaransa katika ofisi ya Montreal ya taasisi inayosimamia mabenki na makampuni ya bima alikuwa akitegemea, kwa kazi yake ya kila siku, wataalamu walioko Toronto waliotumia Kiingereza tu. Alilalamika mwaka 2010, akashindwa katika mahakama ya kwanza mwaka 2019, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ikatambua kwamba haki yake ilikiukwa. Uamuzi huo unawahusu maelfu ya watu ambao kazi yao hupitia mji mwingine, na sasa kwa kuwa mikutano mingi inafanyika kwa kompyuta baina ya mikoa, uzito wake umezidi.

Nimalizie na rafiki yako. Mwambie kwamba malalamiko yake ninayaelewa, maana nimeyapitia. Tangu tarehe 20 Juni 2025 kiwango cha chini cha lugha ya pili kwa wanaoteuliwa kuwa wasimamizi katika maeneo ya lugha mbili kimepanda kutoka BBB hadi CBC, yaani C ya kusoma, B ya kuandika na C ya kuzungumza. Waliokuwa tayari katika nafasi zao hawakuondolewa. Kwa Mkenya anayetaka kuwa kiongozi wa timu hilo ni lango gumu, na posho ya lugha mbili, ambayo imebaki dola 800 kwa mwaka tangu 1977, si jambo la kumtia mtu moyo wa kusoma usiku. Hata hivyo sitakubaliana naye kwamba lango hilo ni uonevu, kwa sababu msimamizi asiyeweza kuzungumza nawe kwa Kifaransa ndiye aliyekuandikia tathmini ile. Kinachomwonea ni kwamba mafunzo hayagawiwi sawasawa, na wenye mikataba ya muda mara nyingi ndio wa mwisho kufikiriwa. Aandike ombi la masomo katika mpango wake wa mafunzo wa mwaka huu, aliweke kwa maandishi, na alirudie kila mwaka mpaka lijibiwe.

Darasa peke yake halitampa C ya kuzungumza. Mimi nilishindwa mtihani huo mara mbili, na nilifaulu baada ya wenzangu kukubali kutonigeuzia lugha hata nilipochelewa kumaliza sentensi. Wewe unaweza kumfanyia hivyo. Chagueni siku moja ya juma, tuseme Alhamisi, mle chakula cha mchana pamoja na mzungumze Kifaransa kuanzia mnapoketi hadi mnapoinuka. Akikosa neno aliulize kwa Kifaransa, nawe umweleze kwa Kifaransa, hata kama Kiswahili kipo papo hapo baina yenu na kingelimaliza jambo hilo kwa nusu dakika.